Kiganja Kimoja Juu ya Nyasi

Panzi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, na papo hapo Twilumba Sanga akajua kwamba hesabu zake za miaka miwili zina kasoro.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, juu uwandani Kitulo, ukungu umeshaondoka na nyasi bado zimelowa. Panzi alitakiwa kupanda mita moja, atulie, ageuke taratibu kisha atue. Badala yake alipanda mita tatu. Akajirudisha chini kwa pupa, mguu wa kushoto ukagusa ardhi kabla ya wa kulia, akalalia ubavu hadi pangaboi likafyeka maua ya porini, kisha kwa bahati tu akasimama wima.

"Leo kafurahi nini huyu?" aliuliza fundi Ngailo, ambaye mikononi alikuwa bado ameshika blanketi la kupashia betri joto.

Na kesho yake saa nne mkaguzi wa vyombo vya anga alikuwa anakuja.

Tuseme kwanza Panzi ni nani. Alikuwa helikopta isiyo na rubani. Miaka hiyo helikopta za namna hiyo zilikuwa zimejaa huko chini mabondeni, na kila moja ilibeba kompyuta yake kama ubongo. Ubongo ule ulikokotoa milinganyo elfu moja na mia mbili, mara mia mbili kwa kila sekunde: namna kila panga linavyopinda, namna hewa inavyojikunja kwenye ncha zake, na mengine ambayo hata walioyaandika waliyasahau. Ulikuwa na uzito wa kilo sitini. Huko chini hakuna aliyejali. Lakini Kitulo iko juu karibu mita elfu tatu, hewa yake ni nyepesi, na pangaboi linazunguka bila kupata cha kushika vizuri. Helikopta ya bondeni ikipanda huku iliweza kubeba ubongo wake, au iliweza kubeba mgonjwa. Vyote viwili, hapana.

Twilumba, mwalimu wa hisabati aliyegeuka mhandisi kwa ubishi wake mwenyewe, aliuliza swali ambalo wakubwa wa mjini walilicheka hadharani: je, tukizitupa hesabu zisizo za lazima? Akaanza kufuta. Mapanga yote akayafanya kuwa sinia moja bapa linalosukuma hewa chini. Mwili mzima akaufanya nukta moja yenye uzito. Hewa inayobanwa kati ya pangaboi na ardhi wakati wa kutua, ile inayokibeba chombo kama godoro, akaifuta pia, maana kazi yake ni ya sekunde mbili tu. Alifuta mpaka ikabaki mistari saba, ikaenea kwenye kibao cha kielektroniki kidogo kuliko kiberiti. Pale palipokuwa na kompyuta ya kilo sitini, sasa mtu aliweza kulala.

Mistari sita ilikuwa fizikia tupu: uzito, msukumo, hewa ishukayo, mwinamo, ukinzani wa upepo na mzunguko wa mkia. Mstari wa saba ulikuwa namba moja tu, sifuri nukta tisa sita. Kila hesabu iliyorahisishwa hukosea kidogo, na namba ile ilikuwa kiraka cha kuziba kosa. Twilumba aliipata kwa safari mia nne na sita ambazo Panzi alifanya katika vijiji kumi na viwili, amebeba mifuko ya mchanga ya kilo mia na ishirini. Safari za kwenda hakuzihesabu, kwa kuwa asubuhi betri ilikuwa baridi na vipimo vyake havikuaminika. Alihesabu za kurudi. Katika zote Panzi alipanda kwa uzito kuliko ilivyotarajiwa, kwa hiyo Twilumba akaamini kwamba pangaboi lina udhaifu wa asilimia nne, akakiambia kibao kiongeze nguvu.

Leo, kwa kujiandaa kwa ukaguzi wa kesho, walianzia hapa kambini. Walikuwa wameipasha betri joto kwa blanketi, wakapakia mchanga uleule. Na Panzi akaruka mita tatu.

Alikagua mistari yake mara tano. Ilipofika saa saba, Ngailo alimwekea sahani ya viazi vya kuchemsha na chumvi pembeni. Twilumba alikula viwili bila kuvitazama. Cha tatu akakishika, akakitazama.

"Ngailo, hivi viazi unanunua wapi?"

"Sinunui. Ni vya Panzi."

"Vya Panzi kivipi?"

"Anakuja navyo." Ngailo alimtazama kana kwamba ameulizwa jina lake. "Kila akirudi kutoka vijijini, kwenye kasha la tumboni kuna furushi. Viazi, saa nyingine matofaa, saa nyingine kabichi. Kina mama wanamfungashia. Nilidhani unajua, Mhandisi. Umekula miaka miwili."

Twilumba alikiweka kiazi mezani polepole. Furushi la safari ya mwisho lilikuwa bado kwenye kona, halijafunguliwa. Wakalipeleka kwenye mizani: kilo kumi na moja.

Alichukua penseli. Panzi mtupu ni kilo mia na hamsini, mchanga mia na ishirini, jumla mia mbili na sabini. Ongeza kumi na moja. Gawanya mia mbili na sabini kwa jumla hiyo mpya. Jibu likaja sifuri nukta tisa sita.

Akacheka. Alicheka mpaka Ngailo akaanza kuogopa. Pangaboi halikuwa na udhaifu wowote. Kiraka chake cha kisayansi kilikuwa viazi! Tena si kwamba mtu alimficha. Yeye mwenyewe ni mtoto wa huku, na tangu anazaliwa hajawahi kutoka nyumba ya mtu bila kufungashiwa. Ndiyo maana hakuliona. Kwao mzigo ni kile unachokuja nacho. Unachofungashiwa hakiitwi mzigo, na anayekipima ni mtu asiye na adabu.

Kisha akakumbuka kesho, na kicheko kikamkauka.

*

Shangazi yake Twilumba, Edina, alikuwa kijijini Ilungila, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki, anachambua viazi vya mbegu barazani. Tumpe, binti yake, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa amekalia kreti lililopinduliwa, miguu ameinyoosha mbele.

"Kamwene, shangazi," Twilumba alimsalimu kwa lugha ya nyumbani.

"Kamwene, mwanangu. Mbona uso hivyo? Umekula?"

"Nimekula viazi vyenu. Shangazi, nani aliwaambia mumfungashie Panzi?"

Shangazi Edina aliacha kuchambua. "Tuambiwe na nani? Mgeni kavuka mabonde matatu, kapigwa na ukungu, kaleta dawa za watoto wetu. Aondoke mikono mitupu?"

"Hana mikono, shangazi. Ni mashine."

"Sasa mashine haina kwao?" Shangazi alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Kila kijiji kina zamu. Wa Mahenye waliweka kilo nane wakasemwa mwaka mzima. Tukakubaliana kumi na moja, pasiwe na maneno."

Twilumba aliketi chini akawaeleza. Tumpe ndiye aliyekuwa akimtazama bila kupepesa. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwenye tela la trekta lililonasa matopeni, mvua inanyesha, hospitali ikiwa bado mwendo wa saa nne. Mtoto alipona, mama naye akapona, lakini ilikuwa kwa neema tu. Wa pili alitarajiwa mwezi ujao, katikati ya masika. Panzi alishabeba dawa na mchanga vya kutosha. Kibali cha kesho ndicho kingemruhusu kubeba watu.

"Kwa hiyo usiposema," Tumpe aliuliza, "nitaruka?"

"Utaruka, na salama kabisa. Hapa kwetu namba ile ni sahihi, kwa sababu hapa kwetu hakuna atakayeacha kufungasha. Lakini kibali ni cha wilaya arobaini. Huko kwingine Panzi ataondoka bila furushi. Atasukuma kwa nguvu kupita kiasi, kama alivyofanya leo. Siku akitua juu ya paa la hospitali na upepo wa ubavuni, mguu mmoja ukatangulia, atapinduka."

"Na ukisema?"

"Wanaweza kuahirisha mwaka mzima."

Tumpe alilishika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Mimi siwezi kukwambia usiseme," alisema. "Naogopa, dada. Naogopa sana lile tela. Lakini huyo wa huko mbali atakayekuwa ndani, naye si ana tumbo kama langu?"

Twilumba alirudi kambini akiendesha pikipiki polepole, akiwa na hasira na viazi, na milima na yeye mwenyewe. Nyuma ya kiti, bila yeye kuona ni saa ngapi, shangazi alikuwa amefunga furushi.

*

Mkaguzi, Bi Zaituni Shekue, alishuka kwenye gari saa nne kamili akiwa na koti zito, mkoba mkubwa na daftari lililolika pembe. Kati ya vyombo kumi na viwili alivyokagua mwaka ule, alikuwa amekataa kumi na kimoja. Wenyeviti wa vijiji wote kumi na viwili walikuwepo, na kina mama wa Ilungila walikuwa wamevaa khanga zao nzuri.

"Shikamoo, Bi Mkaguzi."

"Marahaba. Tuanze, gari langu linaondoka saa tisa."

Twilumba alijikaza. Alikuwa amepanga maneno mazuri, yote yakampotea.

"Kabla hujaanza, mstari wa saba ni uongo," alisema. "Sikujua mpaka jana. Ni viazi."

Akaeleza yote mbele ya wote. Alipofika kwenye kilo kumi na moja, mwenyekiti wa Mahenye alitazama viatu vyake. Bi Zaituni alisikiliza bila kubadilisha uso, kisha akaomba karatasi ya mistari saba, akaisoma kutoka juu hadi chini, akachomoa kalamu na kuukata ule wa mwisho kwa mstari mnene.

"Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita," alisema. "Nimekuta panya kwenye injini na nyuki kwenye mkia. Ukarimu ndani ya mlinganyo sijawahi kuukuta. Siwezi kuweka saini hapa."

Miguno ikazagaa. Tumpe, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama yake, aligeuka akaanza kuondoka taratibu, mkono kiunoni, na Twilumba alipomwona mgongo wake alihisi machozi yakimchoma.

Lakini alikuwa pia ameitazama ile karatasi. Mstari wa saba umekatwa. Maana yake pana nafasi ya mstari mmoja.

"Bi Mkaguzi, saa tisa bado. Nipe mpaka saa nane."

"Ufanye nini? Uwakataze wasifungashe?"

"Hilo haliwezekani," alisema Twilumba, na nyuma yake kina mama wakaitikia kwa nguvu kwamba kweli, haliwezekani.

Alikaa na Ngailo kwenye meza ya chakula, wakasukuma sahani pembeni. Kosa lake halikuwa viazi. Kosa lilikuwa kumwambia Panzi uzito, badala ya kumwacha aupime mwenyewe. Na kumbe Panzi angeweza! Akipanda kiganja kimoja tu juu ya nyasi na kutulia pale, umeme anaokula kwa sekunde mbili hizo unatosha kusema amebeba kiasi gani. Ila karibu na ardhi hivyo kuna lile godoro la hewa, linalombeba na kumfanya ajione mwepesi. Ndilo alilolifuta mwaka wa kwanza kwa kiburi cha kurahisisha. Sasa alilirudisha. Ili kujua godoro lina nguvu kiasi gani, alihitaji safari moja ambayo uzito wake aliujua kwa hakika. Alikuwa nayo moja pekee katika maisha yote ya Panzi: ile ya jana, ya kuruka kama kichaa. Ngailo alisoma vipimo vyake vya sekunde za mwanzo, Twilumba akaandika. Saa nane kasoro dakika tano, mstari mpya wa saba ulikuwa ndani ya kibao.

"Wafungashe," Bi Zaituni aliamuru. "Kila mtu anavyotaka. Mtu asiniambie ameweka nini, na Mhandisi ageuke atazame mlima."

Kina mama hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Twilumba, akitazama mlima, alisikia vicheko, ubishi, na mtu akisema kabichi hiyo ni ya kuku. Kisha Panzi akaunguruma. Akapanda kiganja kimoja juu ya nyasi. Akatulia pale, nyasi zikalala chini yake. Kwenye kioo kidogo ubavuni ikatokea namba: tisini na nne.

Wakashusha kila kitu, wakakipima kimoja kimoja. Tisini na tatu na nusu.

Vigelegele vilipanda mpaka ng'ombe waliokuwa mbali wakainua vichwa. Bi Zaituni aliinua mkono.

"Mara moja inaweza kuwa bahati. Nipakieni mimi."

Asubuhi alikuwa amejipima mwenyewe, na koti na mkoba, akaandika namba kwenye daftari bila kumwonyesha mtu. Aliingia ndani ya Panzi, akapakata mkoba wake, akafunga mkanda. Panzi akapanda kiganja kimoja, akatulia. Kioo kikasema themanini na tatu.

Bi Zaituni alifungua daftari. Uso wake ulikuwa wa huzuni kidogo, na hiyo ndiyo iliyomtisha Twilumba zaidi.

"Sabini na mbili," alisema. "Pole, Mhandisi. Umekosea."

Twilumba angeweza kusingizia upepo, na upepo kweli ulikuwepo. Badala yake aliirudia mistari kichwani, wa kwanza hadi wa saba, na yote ilisimama. Themanini na tatu toa sabini na mbili. Alitoa mara ya pili. Kisha, polepole, akamgeukia shangazi Edina, ambaye alikuwa akiyachunguza mawingu kwa umakini usio wa kawaida.

"Shangazi."

"Mvua itanyesha," alisema shangazi Edina.

"Bi Mkaguzi," Twilumba alisema, "naomba utazame chini ya kiti chako."

Bi Zaituni aliinama. Akatoa furushi la khanga lililofungwa kwa fundo la ustadi. Ndani mlikuwa na viazi vyekundu, matofaa sita, na mayai manne yaliyozungushiwa majani ya mahindi yasivunjike. Hayakuvunjika.

Ngailo ndiye aliyeanza kucheka, na yeye si mtu wa kucheka. Wakafuata wenyeviti, wakafuata kina mama wakishikana mabega. Bi Zaituni alijitahidi kukunja uso, ukamshinda, akacheka mpaka akavua miwani. Tumpe alikuwa amerudi mbio za tumbo kubwa, akiuliza kila mtu, nini, nini, jamani?

"Sheria hainiruhusu kupokea kitu kutoka kwa ninayemkagua," Bi Zaituni alisema alipopata pumzi. "Shika, mama."

"Nishike nini?" Shangazi Edina aliweka mikono nyuma. "Mimi sikutoa kitu. Hicho ulikitoa mwenyewe chini ya kiti."

Bi Zaituni aliliweka furushi kando ya mkoba wake. Kisha akaandika kwenye fomu, akisoma kwa sauti: "Jaribio la pili. Uzito wa ziada usiotangazwa, kilo kumi na moja, umegunduliwa na chombo chenyewe. Kielelezo kimechukuliwa." Akageuza ukurasa. "Kibali ni cha vijiji hivi kumi na viwili tu. Wilaya nyingine, kila moja utakwenda kupima mwenyewe, Mhandisi. Utakula vya kwao ukijua unakula nini."

Akatia saini.

Tumpe alimkumbatia Twilumba kutoka ubavuni, kwa kuwa mbele hapakuwa na nafasi, na wote wawili wakalia bila aibu. Shangazi Edina peke yake alikuwa bado amenuna.

"Mashine gani hii inasengenya watu," alisema. "Mtu anaweka kitu chake kwa siri, yenyewe inatangaza kwenye kioo."

"Haisengenyi, shangazi. Inahitaji kujua tu."

"Basi ijue inyamaze."

Twilumba alifikiri, akaona hoja ina maana. Kabla jua halijazama alikuwa amekizima kile kioo. Tangu siku hiyo Panzi hujua kila alichobeba, na hamwambii mtu.

*

Siku ya kumi na tisa baada ya kibali, mvua ya masika ikimwagika na barabara imekatika sehemu mbili, Tumpe alishikwa na uchungu saa mbili asubuhi. Saa mbili na robo Panzi alikuwa ametua Ilungila. Muuguzi akapanda, Tumpe akalazwa pale palipokuwa pa kompyuta, akiwa ameuma meno na anacheka kwa wakati mmoja.

"Mama," alisema, "umeweka nini miguuni kwangu?"

"Vitu vidogo," alijibu shangazi Edina, akifunga mlango kwa heshima zote. "Kuna mgeni anafika leo. Mnataka apokelewe mikono mitupu?"

Twilumba, mvua ikimtiririka usoni, hakuuliza ni kilo ngapi. Panzi alipanda kiganja kimoja juu ya nyasi, akatulia sekunde mbili, akawapima wote watatu, muuguzi, Tumpe na yule mgeni, pamoja na furushi lao, kisha akaondoka nao.